Chupa Namba Nne

Kila siku ya shule Kwandu aliamka alfajiri, akabeba ndoo mbili na kwenda kupanga foleni kwenye pampu ya shule. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, msichana wa darasa la sita katika kijiji cha Mwalugoye, upande wa Runzewe. Akifikisha maji nyumbani alimwosha uso mdogo wake Bujiku, akanywa uji, kisha akarudi shuleni kwa njia ileile. Hivyo ndivyo asubuhi zake zote zilivyokuwa.

Mwezi wa Septemba pampu ilianza kukohoa. Ulisukuma mpini mara ishirini ndipo maji yatoke, tena kidogo, yakiwa na tope. Wanawake waliozoea kutaniana kwenye foleni sasa waligombana. Hata hivyo, si pampu iliyowafanya watu wa Mwalugoye waanze kuzungumza kwa sauti ya chini. Ni kondoo.

Kondoo walikuwa wakifa. Baba yake Kwandu, Mzee Masalu, alikuwa nao ishirini na mmoja, na katika wiki tatu walikwisha kufa tisa. Kondoo alijitenga na wenzake, akainamisha kichwa, macho yakageuka manjano, mkojo ukawa mwekundu uliokoza. Kesho yake alikutwa amekauka. Lakini mbuzi waliochungwa pamoja nao walikuwa wazima. Ng'ombe nao walikuwa wazima.

"Ugonjwa gani huu unaochagua?" Mzee Masalu alimuuliza mkewe jioni moja. "Unapita katikati ya zizi, unamruka mbuzi, unamkamata kondoo. Mama Kwandu, ugonjwa una macho?"

Mama Kwandu alitazama mlangoni kwanza. "Wanakunywa wapi?" aliuliza taratibu.

"Lambo la Mkongeni. Unajua."

"Na nani anakaa Mkongeni?"

Kwandu, aliyekuwa akichambua mchele kando ya jiko, aliinua kichwa. Kila mtoto wa Mwalugoye alijua nani alikaa Mkongeni. Alikuwa Bibi Mariana, mjane aliyeishi peke yake nyuma ya ua wa mkonge, hatua chache kutoka kwenye lambo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amepikia kuni na samadi kwa miaka sitini, na moshi haumwachi mtu bure, lakini hakuna mtoto aliyeambiwa hivyo. Waliambiwa wapite mbali.

Maji ya pampu yalipozidi kupungua, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Enock, alitaka kuruhusu watu wachote maji ya kunywa lambo la Mkongeni. Aliyepinga ni Mwalimu Donatus, mwalimu wa sayansi.

"Mwenyekiti, juu ya lile lambo kuna kilima cha marudio," alisema. Marudio ni ule mchanga unaobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa na kuchenjuliwa ili dhahabu itoke. Mtu mmoja aliwahi kuwa na mtambo pale. Dhahabu ilipopungua alihama na mashine zake, akaacha kilima cha mchanga wa kijivu. "Mvua zote za miaka mitatu zimepita kwenye mchanga ule zikateremka lamboni. Tuyapime kwanza."

Hivyo ndivyo Bi Naznin alivyofika Mwalugoye. Alikuwa mkemia wa maabara ya maji huko Geita, binti wa mwenye duka la mabati mtaa wa Kalangalala. Alikuja na gari la wazi lenye sanduku la barafu nyuma. Wanafunzi wa klabu ya sayansi, wakiongozwa na Kwandu, walimkaribisha kwa "Shikamoo" ya pamoja iliyomchekesha.

"Marahaba. Nani ana kalamu nyeusi ya wino?"

Alichora nukta nzito karibu na ukingo wa kipande cha karatasi ya kuchujia, akachovya ukingo huo kwenye maji kidogo ndani ya bilauri, nukta ikiwa juu kidogo ya maji. Maji yalipanda polepole kwenye karatasi. Yalipoipita nukta, weusi ulianza kutawanyika. Bluu ilikwenda juu kabisa, zambarau ikabaki katikati, njano ikasimama chini.

"Mlidhani ni rangi moja," Bi Naznin alisema. "Zilikuwa nyingi zimejificha pamoja. Njia hii ya kuzitenganisha inaitwa kromatografia. Kule maabara nina mashine inayofanya kazi hiyo kwa metali zilizoyeyuka ndani ya maji. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakawa na shaba, nikeli au zinki humo ndani. Sasa nataka msaada wenu."

Aliweka mezani chupa nne nyeupe zenye namba. Chupa namba moja ingejazwa kwenye pampu ya shule, namba mbili kwenye kisima cha sokoni, namba tatu kwenye kijito cha mashamba ya mpunga, na namba nne kwenye lambo la Mkongeni. Zote zijazwe Jumamosi, saa moja asubuhi. Kila mchukuaji avae glavu, aisuuze chupa mara tatu kwa maji ya mahali hapo, aijaze, aandike saa kwenye lebo. Mwalimu angezitia matone ya asidi, ili metali zisigande kwenye kuta za chupa, na kuzisafirisha hadi Geita.

"Namba nne ndiyo muhimu kuliko zote," Bi Naznin alisema. "Mwalimu, mpe mtu unayemwamini."

Mwalimu Donatus hakufikiri mara mbili. "Kwandu."

Jumamosi ile Kwandu alitoka nyumbani mapema, chupa ikiwa ndani ya mfuko. Njia ya Mkongeni ilikuwa tupu. Alipokaribia alimwona kondoo mmoja, mwenye alama ya baba yake sikioni, amelala nyasini miguu imenyooka. Hakuna nzi aliyekuwa ametua juu yake bado. Mbele zaidi lambo lilionekana, tulivu, maji yake maangavu mno. Kwandu alishangaa kwamba hasikii chura hata mmoja. Mawe ya ukingoni yalikuwa na utando wa kijani wa ajabu.

Kisha akamwona Bibi Mariana. Alikuwa amesimama kwenye pengo la ua wa mkonge, mkono mmoja umeinuliwa, macho mekundu yakimtazama yeye.

"We mwana!" bibi aliita. "We mwana, simama!"

Kwandu aligeuka akakimbia. Alikimbia mpaka akafika kwenye uwanja wa shule, kifua kikimuuma. Pale pampuni hapakuwa na mtu. Mwenzake Edward, aliyepewa chupa namba moja, alikuwa ameshamaliza na kuondoka. Kwandu aliitazama chupa yake tupu. Aliwaza kurudi Mkongeni, miguu ikakataa. Aliwaza kumwambia Mwalimu kwamba ameogopa, akaona jinsi darasa zima litakavyomcheka.

Alivaa glavu. Akasukuma mpini. Akaisuuza chupa mara tatu, kama alivyofundishwa, akaijaza kwa maji ya pampu. Kwenye lebo akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Lambo la Mkongeni, saa 1:00 asubuhi.*

"Ulisuuza mara tatu?" Mwalimu Donatus aliuliza alipoipokea.

"Ndiyo, Mwalimu," Kwandu alisema. Jambo lililomtisha baadaye ni kwamba jibu lile lilikuwa la kweli.

Majibu yalirudi baada ya siku nane. Mzee Enock aliyasoma mbele ya watu kutoka kwenye karatasi ya maabara: kisima cha sokoni kina metali ya manganizi kidogo, kisafishwe; kijito kiangaliwe tena wakati wa mvua; pampu ya shule na lambo la Mkongeni, hakuna metali iliyozidi kiwango. Watu walipiga makofi. Alasiri hiyohiyo wanawake walishika njia ya Mkongeni na ndoo, na Mama Kwandu alikuwa miongoni mwao.

"Maji haya yana ladha ya msumari," Bujiku alisema alipoonja. Alikuwa na miaka mitano.

"Maji ya lambo ndivyo yalivyo," mama yake alimjibu. "Kunywa."

Kwandu alisema hana kiu. Siku iliyofuata alisema tena hana kiu, akanywa shuleni. Alimwambia Bujiku pembeni asinywe, Bujiku akauliza kwa nini, naye Kwandu akatoka nje. Mara mbili aliimwaga ndoo makusudi, na mara mbili mama yake alimchapa kwa uzembe na kumtuma mtoto wa jirani akachote nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo Kwandu hakulitarajia. Alikuwa amedhani uongo wake umehusu maji tu. Lakini kondoo waliendelea kufa, na sasa watu walikuwa na neno jipya.

"Maji ni safi, karatasi ya serikali imesema," alisikia mzee mmoja akinong'ona dukani. "Kama si maji, si ugonjwa, basi tusiulize tena ni nini. Tuulize ni nani."

Bibi Mariana alipokuja sokoni kununua chumvi, hakuna aliyeitikia salamu yake. "Mwangaluka," alisema kwa Kisukuma, na wanawake waliokuwa wakipanga nyanya waliendelea kupanga nyanya. Siku mbili baadaye kuku wake watano walikutwa wamevunjwa shingo, wamepangwa mstari mmoja mlangoni pake. Hakuna aliyesema amefanya yeye. Hakuna aliyemwendea kumpa pole. Watoto walipoongea juu ya kuku wale uwanjani, walicheka, na Kwandu aliondoka akaenda kukaa nyuma ya choo mpaka kengele ikalia.

Ijumaa Bujiku alianza kutapika. Alijikunja akishika tumbo, akatapika hadi ikabaki nyongo tupu, midomo ikapauka. Baba yake alimbeba mgongoni hadi zahanati, Kwandu na mama wakikimbia nyuma. Mganga wa zahanati alimtundikia dripu.

"Ni kama amekula kitu chenye sumu," alisema. "Maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Mkongeni," Mama Kwandu alijibu. "Lakini yalipimwa."

"Yalipimwa? Ah." Mganga alikuna kidevu. "Kama yalipimwa, basi hatuna haja ya kuyafikiria. Tutafute kitu kingine."

Mzee Masalu alimtazama mwanawe aliyelala na sindano mkononi, akatazama dirishani, upande wa Mkongeni. "Alianza na kondoo zangu," alisema. "Sasa amefika kwa mtoto."

Alitoka nje bila kuaga.

Mkutano uliitishwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa ghala la pamba. Walikuja watu wengi kuliko wale waliokuja kusikiliza majibu ya maji. Vijana wa sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wamekaa mbele na marungu yao yamelala mapajani. Bibi Mariana aliletwa na wawili kati yao. Walimweka kwenye kigoda katikati. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kama mtu asiyejua kama atarudi nyumbani.

Mzee Masalu alizungumza kwanza. Alihesabu kondoo wake kumi na watatu waliokufa, kila mmoja kwa rangi yake. Kisha akamtaja Bujiku. "Sina ugomvi na bibi huyu," alimalizia. "Lakini aseme. Aseme amewakosea nini watoto wetu, au watoto wetu wamemkosea nini. Asiposema, kijiji kitaamua."

Sauti nzito ya kukubali ilizunguka uwanja. Mwalimu Donatus alisimama, akasema mambo ya kuamua namna hiyo ni kosa kisheria, wampeleke polisi mtu yeyote wanayemshuku, wasimguse. Vijana walimzomea. Mzee Enock alipiga meza.

"Bibi, una la kusema?"

Bibi Mariana aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko siku zote.

"Mnasema maji yamepimwa," alisema. "Maji yale hayakupimwa. Mtoto aliyetumwa nilimwona. Nilimwita nimwambie asishike mawe yale ya kijani, mimi mwenyewe yaliniwasha mikono. Alifika kwenye mkonge, akanitazama, akakimbia. Hakuligusa lambo. Hakuchota hata tone."

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakacheka.

"Anasingizia mtoto sasa!"

"Mwalimu," Mzee Enock aliuliza, "ni mtoto gani huyo?"

"Ni Kwandu, binti wa Mzee Masalu," Mwalimu Donatus alijibu. Alisitasita. "Ni mwanafunzi wangu mwaminifu kuliko wote. Sijawahi kumkuta na uongo."

"Mmesikia!" Mzee Masalu alipaza sauti. "Na binti yangu naye ameanza kuandamwa!"

Vijana wawili walisimama. Rungu moja liliinuliwa likakaa begani.

Kwandu alikuwa nyuma, kati ya wanawake. Alipenya kwa viwiko, akakanyaga mguu wa mtu, akatokea mbele ambapo jua lilikuwa kali, akasimama kando ya kigoda cha Bibi Mariana kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusimama.

"Ni kweli," alisema.

"Sema kwa nguvu," Mzee Enock alisema.

"Anachosema bibi ni kweli! Sikuchota lamboni. Nilimwogopa, nikakimbia, nikajaza chupa kwenye pampu ya shule. Nikaandika Mkongeni. Maji ya Mkongeni hayajapimwa." Machozi yalianza kumtoka, na hakuyafuta. "Bujiku alisema yana ladha ya msumari. Nilijua, sikusema."

Baba yake alimjia. Kwandu alifumba macho akisubiri kofi. Halikuja. Alipofumbua, baba yake alikuwa amesimama mbele yake, mikono imelegea, kama mtu aliyesahau alikuwa akienda wapi.

"Umesema nini, mwanangu?"

Alirudia yote, neno kwa neno.

"Amerogwa aseme hivyo!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, na wengine wakaitikia. Hapo Kwandu alielewa kwamba kusema ukweli hakurudishi mambo yalipokuwa. Watu walikuwa wamekwisha kuuzoea uongo wake.

Mzee Enock ndiye aliyeokoa siku ile. Aliamuru mtu yeyote asichote wala kunywesha Mkongeni, na Bibi Mariana apelekwe kulala nyumbani kwa katekista. Vijana walewale waliomleta walimsindikiza, huku mwenyekiti mwenyewe akitembea kati yao. Mwalimu Donatus alipiga simu zahanati kwanza, kisha Geita.

"Namba moja na namba nne," Bi Naznin alisema upande wa pili. "Siku mbili hizi nimekuwa nikiyatazama majibu yale. Yanafanana mno kwenye mchoro wa mashine, mlima kwa mlima. Maji ya sehemu mbili hayawi hivyo. Kosa langu ni kwamba niliyatuma kabla ya kujiuliza. Nakuja."

Alifika kesho yake. Safari hii aliyejaza chupa alikuwa Mzee Masalu mwenyewe, kwa glavu zilizombana vidole, mbele ya mwenyekiti na vijana wa sungusungu.

"Karatasi imetudanganya mara moja," alisema akifunga kizibo. "Sasa nataka kuona kwa macho yangu. Nakwenda na chupa hii mpaka kwenye hiyo mashine. Na huyu atakuja," akamwonyesha Kwandu. Kwa siku nzima hayo ndiyo maneno pekee aliyosema kuhusu binti yake.

Mashine haikuwa kubwa. Kwandu alikuwa amewaza kitu kama mtambo wa kusaga mawe, kumbe ilikuwa masanduku machache meupe yaliyounganishwa kwa mirija myembamba. Mzee Masalu aliitazama kwa mashaka.

"Mzee, wewe ni mfugaji," Bi Naznin alisema. "Ukiswaga mbuzi na kondoo pamoja kupita kwenye kichaka cha miiba, nani anatoka kwanza upande wa pili?"

"Kondoo," Mzee Masalu alijibu mara moja. "Mbuzi lazima asimame ale majani."

"Na ukisimama upande wa pili na saa, utajua nani anatoka muda gani. Ndani ya bomba hili kuna punje ndogo sana, hizo ndizo kichaka. Nayasukuma maji yako humo. Kila metali inashikwa na punje kwa namna yake, kwa hiyo kila moja inatoka kwa wakati wake. Ikitoka inakutana na dawa, maji yanageuka rangi ya chungwa, na taa iliyo humu inapima rangi hiyo. Rangi ikizidi, mlima kwenye kioo unakuwa mrefu."

Kwanza alipitisha maji aliyoyatia metali mwenyewe, ili waone saa ya kila moja. Shaba ilitoka kwenye dakika ya tano. Kisha akapitisha maji ya pampu. Mstari ulikwenda tambarare, na dakika ya tano ukainuka kidogo tu, kama kichuguu.

Ndipo akaingiza maji ya Mkongeni.

Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mstari ulitambaa kwenye kioo, umenyooka. Kwandu alisikia pumzi ya baba yake. Ya nne. Mara mstari ukapinda. Ukapanda, ukaendelea kupanda, ukafika ukingo wa juu wa kioo na kupotea.

"Umekwenda wapi?" Mzee Masalu aliuliza.

"Umetoka nje ya kipimo," Bi Naznin alisema kwa sauti ndogo. "Shaba ni nyingi mno. Itabidi niyazimue kwa maji safi nipime upya ndipo nijue kiasi." Mstari ulirejea chini, kisha ukainuka tena mara moja. "Na hiyo ni nikeli."

"Lakini mbuzi," Mzee Masalu alisema. "Mbuzi wangu wanakunywa pale pale."

"Mwili wa kondoo hauwezi kuitoa shaba kama wa mbuzi, Mzee. Unaijaza kwenye ini polepole. Siku ini likishindwa, yote inamwagika kwenye damu kwa mpigo. Macho yanakuwa manjano, mkojo mwekundu, anakufa."

Mzee Masalu alivua kofia yake. Alikaa kwenye kiti cha maabara. "Tungemuua," alisema. "Jana saa nne. Mimi ndiye niliyeanza kusema."

Bujiku alitoka zahanati siku ya nne, amekonda, akidai uji. Wilaya ilituma watu wakazungushia lambo uzio wa seng'enge na kuchimba mfereji wa kuzuia maji ya kilima cha marudio. Kabla ya mvua za Novemba kisima kirefu kilichimbwa upande wa pili wa kijiji, na maji yake yakapimwa kabla mtu hajanywa. Mmiliki wa mtambo wa zamani alianza kutafutwa.

Mzee Masalu alikwenda kwa Bibi Mariana na Kwandu, akiwa na jike la mbuzi na mitetea miwili. Alipiga magoti mlangoni, jambo ambalo Kwandu hakuwahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote.

"Mayu, nisamehe," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Bibi Mariana aliwatazama wote wawili. "Nimesikia," alisema. "Kuku nitawapokea. Lakini msidhani nitalala usingizi leo kama nilivyolala zamani. Waliovunja shingo za kuku wangu bado wanapita hapa kila siku, na wananisalimia." Kisha akamgeukia Kwandu. "Wewe ulisimama peke yako mbele ya marungu. Hilo nalo nimeliona. Kaa, kuna viazi."

Kwandu alikaa. Alikula kiazi kizima akimtazama bibi usoni, na macho yale mekundu yalikuwa macho tu, yenye kuwashwa na moshi.

Shuleni, Mwalimu Donatus alimwondoa Kwandu kwenye uongozi wa klabu ya sayansi. Hakuwaficha wenzake sababu, wala hakuwaruhusu wamcheke. Lakini chupa za kisima kipya zilipofika, za kupimwa kila mwezi, aliichukua moja akampa yeye.

"Mwalimu," Kwandu alisema bila kuipokea, "mpe Edward."

"Edward hajui uongo mmoja unaweza kufika wapi. Wewe unajua." Aligeukia darasa, chupa ikiwa bado mkononi. "Sikilizeni nyote. Kuogopa si dhambi. Kwandu angekuja akaniambia, 'Mwalimu, nimeogopa,' ningekwenda naye mimi, na mambo yangeishia hapo. Mashine ya Geita inaweza kuona kitu ambacho jicho halioni na ulimi hauonji. Kitu kimoja tu haikijui: chupa imejazwa wapi. Hilo anayelijua ni yule aliyeishika. Siku moja mtashika vitu vikubwa kuliko chupa, na watu watakunywa kwa kuwaamini ninyi."

Kwandu alinyoosha mikono yote miwili akaipokea.